Mama Alipougua kwa Hewa Safi

Kule Sokomuhogo nilikokulia, mtu hakuwa mzima mpaka aulizwe. Mama akimaliza sala ya alfajiri hufungua dirisha la ghorofani, na upande wa pili wa kichochoro shoga yake naye hufungua lake. Nyumba zile mbili zilikuwa zimeinamiana kidogo kwa uzee, na kichochoro kilikuwa chembamba hata wanawake wale waliweza kupeana chumvi mkono kwa mkono bila ya kushuka ngazi.

"Shoga, umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Na wewe?"

"Mzima. Lakini sauti yako leo ina kamasi."

"Kamasi hilo lako. Limevuka usiku, limekuja kulala kwangu."

Basi hapo mama alikuwa keshajua hali yake ya siku nzima. Akiambiwa sauti ina kamasi, atakunywa tangawizi. Akiambiwa uso umejaa, atatia chumvi kidogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo, nafundisha watoto Kurani kwenye ukumbi wa jirani na msikiti, na nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu vya dawa za mitishamba. Mama hakuniuliza hata siku moja. Daktari wake alikuwa dirishani.

Na kusema kweli, mama alikuwa na haja ya daktari. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe na chokaa, na maji ya mvua yalikuwa yakipanda ukutani badala ya kushuka. Chumvi ilichanua kwenye kuta za chumba chake, nyeupe kama unga. Mtaro wa maji machafu ulipita chini ya kizingiti chetu. Jua liliingia kichochoroni mara moja kwa siku, likatazama, likaondoka. Mama alikohoa masika yote na vuli yote, kikohozi kizito cha kifuani, na ukimuuliza hali yake atakwambia, "Mimi mzima kama chuma," kisha akohoe mpaka ashike ukuta.

Kulikuwa na kikapu pia, nacho lazima nikieleze. Nyumba nyingi za ghorofa kule mjini zilikuwa na kikapu chenye kamba ndefu. Muuza mkate au muuza samaki akipita chini, kikapu kinateremshwa, kinatiwa kitu, kinapandishwa, na mama wa nyumba hana haja ya kuvaa buibui. Cha mama kilikuwa cha ukili, kimezungushiwa kitambaa chekundu mdomoni, na kamba yake ilikuwa imetiwa mafundo kila baada ya pima ili isimteleze mkononi. Kikapu hicho hicho kilipeleka vyakula kwa majirani. Na hapo palikuwa na desturi ya kichochoro chetu. Ukimpelekea jirani chakula, ukakishikilia kikapu mpaka akitoe chakula, basi umempa chakula tu. Lakini ukikiingiza kikapu dirishani kwake kisha ukaiachia kamba nayo iingie, maana yake ni kuwa unataka ujirani: kikapu kitakaa kwake mpaka naye awe na kitu cha kukutilia, akurudishie. Anayepokea husema kwa sauti, "Nshapokea," na mambo yamekwisha. Mama na shoga yake walianza kuachiana kamba kabla mimi sijazaliwa.

Katika miaka ile baada ya Mapinduzi, Serikali ilikuwa ikijenga majumba mapya ng'ambo ya mjini, nasi tulikuwa tukienda siku za kujitolea kusaidia ujenzi. Mimi mwenyewe nilibeba zege Kikwajuni na kanzu nimeikunja kiunoni. Sikudhani kuwa ngazi niliyokuwa nikiibebea zege nitakuja kuipanda na godoro langu.

Lililotuhamisha ni dari. Asubuhi moja mama yuko ukumbini anasali Dhuha, pande la dari la chumba chake likaanguka juu ya kitanda, chokaa na mawe na kipande cha boriti kilichooza kuwa laini kama mkate. Mama akatoa salamu, akaenda akatazama, akasema, "Mungu amenichelewesha kwenye rakaa," akaanza kufagia. Fundi seremala tuliyemwita akaigonga gonga ile dari iliyobaki kwa kishikio cha nyundo. Akaniambia pembeni, "Maalim, chumba hiki usimlaze hata paka."

Haikuchukua muda tukapangiwa fleti Kikwajuni, ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, ukumbi, jiko lenye mfereji wa maji mle mle ndani, choo cha kuvuta, na roshani inayotazama uwanja. Mke wangu alifungua mfereji akaufunga, akaufungua tena, akacheka peke yake. Watoto walikimbia chumba hadi chumba. Hamali alileta vyombo vyetu kwa mkokoteni, na mama akaja nyuma yake kwa miguu, taratibu. Hamali alipokwisha kulipwa, nikamsikia mama akimwambia mlangoni, "Usiende mbali, mwanangu. Utanirudisha."

Jioni mke wangu alipotaka kukuna nazi, akagundua kuwa mbuzi ya mama haimo. Ile mbuzi ya kukunia, kibao cha mvule chenye ulimi wa chuma, mama alikuwa akiipenda kuliko kitanda.

"Mama, mbuzi yako iko wapi?"

"Ipo nyuma ya mlango, pahala pake."

"Mlango gani?"

"Mlango wa kwangu," akasema mama. Nikaelewa kuwa hakuisahau.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Haikupita wiki mbili mama akaacha kukohoa. Upepo wa bahari ulikuwa ukiingia dirishani asubuhi na kutoka upande wa pili, kuta kavu, jua limejaa hadi chini ya kitanda. Mke wangu na mimi tukashukuru. Na mama, aliyekuwa mzima kama chuma alipokuwa akikohoa, kikohozi kilipomwacha akatangaza kuwa ni mgonjwa.

Kwanza ilikuwa kichwa. "Hewa nyingi mno," alisema. "Kichwa kinakuwa chepesi. Hewa hii haipigi hodi, inaingia tu." Kisha miguu ikawa mizito, hawezi ngazi. Ngazi za Sokomuhogo zilikuwa zimesimama wima kama za minarani, na alizipanda na ndoo mkononi. Hizi za Kikwajuni zilikuwa pana na nyepesi, lakini alizipanda siku ya kwanza na hakutaka kuzishuka tena. Kisha chakula kikawa hakina ladha. Alikaa ukumbini ameupa mgongo uwanja, anatazama ukuta.

"Kwani huko ukutani kuna nini, mama?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu. Ndio maana nautazama. Na huko nje pia hakuna kitu, lakini ni kingi."

Nikambembeleza mpaka akashuka, nikampeleka hospitali. Tulipata daktari mgeni, mmoja wa wale waliokuja kutoka Uchina miaka ile, mtu wa Kiswahili kidogo na adabu nyingi. Alimsikiliza mgongo, akamsikiliza kifua, akamtazama macho na ulimi. Kisha akavuta kiti karibu, akasema, "Mama, habari gani?" Basi mama akamweleza. Alimweleza habari ya dari, na shoga yake, na samaki wa Kikwajuni wanaokuja wamelegea, na upepo. Daktari alikuwa akitikisa kichwa, na sidhani kama alifahamu robo yake. Mwisho akanigeukia, akasema, "Mapafu safi. Moyo mzuri. Mama mzima."

Njiani mama akasema, "Kijana mwema. Lakini amesikiliza mgongo, na ugonjwa wangu hauko mgongoni." Hata hivyo jioni ile alikula sahani nzima ya wali. Niliona, wala sikulitia maanani.

Siku zikaenda, ukaingia mwezi wa Shaabani. Asubuhi moja mama alituita mimi na mke wangu akatukalisha. "Nakwambieni mapema msije mkasema nimekushtueni. Ramadhani siifungi hapa. Siku ya mwisho ya Shaabani hamali atakuja kunichukua, nshampelekea salamu kwa muuza mkate. Nyinyi kaeni na watoto. Mimi nitafunga kwangu."

"Mama, chumba hakilaliki," nikasema. "Fundi amesema asilale hata paka."

"Paka hajazaa mle. Mimi nimezaa mle."

"Hapa umeacha kukohoa."

"Nimeacha kukohoa na nimeacha kuwa mzima. Tangu nije hapa hajaniuliza mtu nimeamkaje."

Mke wangu akaumia. "Mama, mimi nakuuliza kila siku."

Mama akamshika mkono. "Wewe wa ndani, mwanangu. Wa ndani haulizi, anaona. Mimi nataka aniulize asiyeniona."

Nilikwenda peke yangu nikakitazama tena chumba kile cha Sokomuhogo. Boriti ya pili nayo ilikuwa imepinda, na nilipoigusa kwa fimbo ikamwaga vumbi. Mbuzi ilikuwa nyuma ya mlango, imetundikwa. Niliiacha. Kumzuia mama kwa nguvu ni jambo ambalo dini yangu hainiruhusu wala moyo wangu hauliwezi. Kumwacha alale chini ya boriti ile nalo silo. Nikawa kila baada ya sala namwomba Mola anionyeshe njia ya tatu, maana hizi mbili zote zilikuwa na ukuta mbele.

Njia yenyewe ilipita mlango ambao nisingeubisha.

Mke wangu, katika kutafuta la kumchangamsha mama, alikitoa kile kikapu kutoka kwenye shehena ya vyombo akampa. Mama akakipangusa vumbi. Asubuhi ile alikwenda roshani kwa mara ya kwanza, akamteremshia muuza mkate. Muuza mkate akacheka, akapaza sauti, "Bi Mkubwa, hapa si mjini. Hapa watu wanashuka."

"Wanaoshuka na washuke," akasema mama. "Tia mkate, na usiukamate kwa mikono hiyo uliyoshikia baiskeli."

Mke wangu aliniambia kuwa tangu kuhamia hakuwa amesikia sauti ya mama ikipanda hivyo. Kesho yake mama akapika vitumbua. Sukari miaka ile ilikuwa ya foleni, kwa hiyo vilikuwa vidogo na utamu wake wa kubahatisha, lakini alivitia hiliki nyingi. Nazi aliikuna kwa mbuzi ya mke wangu huku akilalamika kuwa ile haikuni, inachubua. Akavipanga kikapuni, akavifunika kitambaa. Kisha akaenda roshani, akakiteremsha kikapu mpaka usawa wa roshani ya ghorofa ya chini yetu, akakiyumbisha kama alivyozoea kukiyumbisha kuvuka kichochoro, kikaingia ndani. "Shoga, pokea," akaita. Akaiachia kamba.

Kwa kichochoro chetu, lile lilikuwa neno kubwa. Mama alikuwa amemchagua mtu asiyemjua, mwanamke aliyekuwa akisikia tu sufuria zake, akamwomba ujirani. Akakaa kwenye kiti chake kungoja kuambiwa "nshapokea."

Hakuambiwa. Akangoja mpaka jua likafika kichwani. Kisha akaondoka roshani, akaenda kitandani, akaelekea ukutani. Mke wangu alipomletea maji akasema, "Mwambie mumeo asimcheleweshe yule hamali."

Mimi haya yote sikuyajua. Nilikuwa chuoni, baada ya Adhuhuri, nasikiliza watoto wakihifadhi sura fupi za mwisho. Walikuwa wamefika kwenye ile ya kujikinga na shari ya wapulizao mafundoni, wanaisoma kwa pamoja kwa kelele, akaingia mtu mzima mwenye vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Nilimtambua. Alikuwa mwashi, naye na mkewe ndio waliokaa chini yetu. Tulikuwa tunapeana salamu ngazini tu.

"Asalaam alaykum, Maalim. Nakuomba uje utusomee."

"Kuna nini?"

Akapunguza sauti kwa ajili ya watoto. "Tumeletewa kitu. Mke wangu alikwenda Darajani asubuhi, kafunga mlango kwa ufunguo. Karudi, mlango umefungwa vile vile, na roshani kuna kikapu. Kina chakula, kimefunikwa nguo nyekundu."

"Pengine kuna mtu…"

"Na kamba, Maalim. Imejikunja pembeni yake. Na ina mafundo."

Watoto wote wakatugeukia. Walikuwa wametoka kulisoma neno lile sasa hivi.

Kwa watu wengi wa shamba, na wengi wa mjini pia ingawa hawasemi, chakula kilichofunikwa nguo nyekundu na kuachwa mahali bila ya mwenyewe ni chakula cha mashetani. Mtu kawatolea ili wamhamie mwengine. Mke wa mwashi alikuwa mtu wa Jambiani, na mambo haya kwao hayafanyiwi mzaha. Alikuwa amebeba mtoto wake akatoka nje kukaa uwanjani, na ameapa hataingia mpaka pasomwe.

Nikawaaga watoto, tukashika njia. Mwashi alikuwa mbele, anatembea upesi.

"Nimekuja kwako kwa mambo mawili," akaniambia. "Moja wewe ni maalim. La pili wewe uko juu yetu. Kikitoka kwetu, kitapanda kwako."

Nikasoma njia nzima, nusu kwa ajili yake na nusu, nasema kweli, kwa ajili yangu.

Uwanjani tulikuta watu wamejaa. Muuza mkate yupo na baiskeli yake, anaeleza kuwa yeye tangu asubuhi aliona pana kitu hapa si cha kawaida. Mke wa mwashi amekaa juu ya jiwe, mtoto mapajani, anaumwa kichwa. Wanaume wachache wakanifuata ngazini, nao walisimama mlangoni. Mimi nikaingia peke yangu, nikatia Bismillahi, nikafika roshani.

Kikapu nilikijua kabla sijakifikia. Nilikuwa nimekiona kikining'inia maisha yangu yote. Nikachutama, nikafunua kile kitambaa, harufu ya hiliki ikanipiga usoni, na vitumbua vile vilikuwa vimeungua upande mmoja, upande ule ule ambao vitumbua vya mama vimekuwa vikiungua tangu nina meno. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikakitwaa kimoja nikakila.

Mlangoni nikasikia mtu akisema polepole, "Amekila."

"Kakila Maalim?"

"Kakila. Sasa anachukua cha pili."

"Basi ndivyo wanavyofanya waliosoma," akasema mwashi, lakini sauti yake haikuwa na hakika.

Nikataka kuwaeleza na mdomo umejaa, nikawa nacheka, na kucheka kwangu kukawatisha zaidi. Ilibidi nimeze kwanza. Nikawaambia kikapu ni cha mama yangu, mafundo ni ya kuzuia kamba isiteleze, nguo nyekundu ni kipande cha kanga yake ya zamani, na kwetu Sokomuhogo hivi ndivyo mtu anavyomwambia mwenzake kuwa anataka wawe majirani. Kisha muuza mkate, aliyekuwa amefika mpaka mlangoni kwa udadisi, akasema, "Mimi nilijua. Bibi yule alinishushia kamba hiyo hiyo jana," na wenzake wakamfukuza chini kwa kicheko.

Nikashuka kumweleza mke wa mwashi. Akanisikiliza, akafunika uso kwa ncha ya kanga yake. "Ewe Mola wangu," akasema. "Mtu mzima kanipelekea chakula, nami nimemfanya shetani." Akainuka na mtoto, akapanda ngazi moja kwa moja, hata kwake hakusimama. Nikasikia hodi yake mlangoni kwetu kabla sijafika.

Mama alikuwa bado ameelekea ukutani. Yule mwanamke akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Mimi wa chini."

"Marahaba," akasema mama bila ya kugeuka.

"Nisamehe. Nilikuwa nimekwenda Darajani. Nimerudi nikakiona kikapu, nikadhani nimeletewa jini."

Mama akageuka taratibu. "Jini?"

"Ndio, Bi Mkubwa. Nikakimbia."

"Na jini gani anayejua kupika vitumbua?"

"Ndio nilivyojiuliza nilipokuwa uwanjani. Nikasema huyu ni mkubwa wao."

Mama akacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu dari kuanguka. Alicheka mpaka akaketi, na alipoketi akamtazama yule mwanamke vizuri, kwa lile jicho lake la dirishani. "Njoo karibu. Mbona macho yako mekundu? Unaumwa?"

"Kichwa, Bi Mkubwa. Tangu nihamie hapa. Usiku silali. Kwetu Jambiani tukishinda ufukweni wanawake wote, tunapiga makumbi, tunasokota kamba, huyu anasema hili na yule lile, jioni nikirudi sijui hata kama nina kichwa. Hapa nina mfereji, nina taa, nina mume mwema, na mwili wangu hauna raha. Nimekwenda hospitali, wameniambia mzima."

"Wamekuambia mzima," akasema mama.

"Ndio."

"Daktari Mchina?"

"Yeye yule."

"Kijana mwema," akasema mama, "lakini bado mgeni." Akateremsha miguu kitandani. Akaenda jikoni mwenyewe, akaponda tangawizi, akamchemshia. Mke wangu na mimi tulisimama ukumbini tusisogee, kama watu wanaoogopa kumshtua ndege aliyetua dirishani.

Kikapu kilikaa kwa mke wa mwashi siku chache, kama desturi inavyotaka. Kiliporudi kilikuwa na pweza mkavu kutoka kwao, na ile kamba ya zamani haimo. Alikuwa ameagiza makumbi Jambiani, akasokota kamba mpya ya usumba, nene, inayokamata mkono yenyewe. "Hii haihitaji mafundo," aliita kutoka chini, "asije mtu akatukimbia tena." Mama akajibu kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia, "Nshapokea."

Tangu hapo kila alfajiri kamba ile, iliyoachwa ikining'inia mpaka roshani ya chini, ilitikisika. Wa chini aliivuta, kikapu kikagonga ukingo wa roshani, na mama, aliyekuwa keshaketi anangoja, akainama.

"Bi Mkubwa, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Wewe kichwa vipi?"

"Leo hakipo."

"Kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda kazini na mume wangu."

Wengine wakajifunza. Mwanamke wa ghorofa ya nne akateremsha ndoo ya watoto ya kuchezea, wa upande wa pili akateremsha pakacha. Muuza mkate akaacha kusema kuwa hapa watu wanashuka. Lakini mama hakusema neno kuhusu Ramadhani, nami sikuthubutu kuuliza. Chuoni nilikuwa nikiwafundisha watoto haki za jirani, ambazo nilikuwa nimezifundisha miaka mingi, na mara kwa mara nilisita katikati ya maneno nikimfikiria yeye na ile boriti.

Siku ya mwisho ya Shaabani nilibaki nyumbani. Baada ya Alasiri nikasikia magurudumu ya mkokoteni uwanjani, na sauti ya hamali ikipanda. "Hodi, Bi Mkubwa. Nimekuja. Mizigo iko wapi?"

Mama akaenda roshani. Mimi nikasimama nyuma yake, na mke wangu nyuma yangu.

"Karibu, mwanangu," akasema mama. "Ngoja kwanza, nakuteremshia kahawa."

"Ahsante. Na mizigo?"

"Iko Sokomuhogo. Nenda ukaniletee mbuzi yangu, ipo nyuma ya mlango wa chumba. Kesho inshaallah tunafunga, na hii ya mkwe wangu inachubua."

Mke wangu akanifinya mkono mpaka ukauma. Mimi nilisema alhamdulillahi kimoyomoyo, nikairudia.

Hamali alirudi kabla ya Magharibi. Alikuwa amevuka mji mzima na mkokoteni mkubwa wa mizigo, na juu yake mbuzi ya kukunia nazi peke yake, imefungwa kamba isianguke, watoto wakimfuata kwa furaha. Na nyuma ya watoto, ameshika buibui lake, anatembea kwa kutua, alikuja shoga yake mama wa dirishani. Alisema amekuja kuiona hewa hiyo inayosemwa.

Mbuzi haikuenea kikapuni, kwa hiyo ikafungwa kwa ile kamba ya Jambiani, ikapandishwa na wanawake wawili juu na mmoja chini akiisukuma isipige ukuta. Shoga alipandishwa kwa ngazi, kwa mapumziko. Mama akamkalisha roshani, kwenye kiti chake mwenyewe, akampepea, akampa maji ya mfereji.

Shoga akavuta pumzi, akatazama uwanja, akatazama bahari kwa mbali. "Hewa nyingi," akasema. "Inaumiza kichwa."

"Utaizoea," akasema mama. "Kaa. Sauti yako ina kamasi."